Eda Ndefu ya Barke binti Mmadi

Jaffar bin Mwinyihaji alimwacha mkewe kwa adabu. Alingoja mtoto amalize kunyonya, akangoja alale, akavua kofia, akaiweka gotini, kisha akatamka talaka moja kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njia. Alipomaliza aliuliza kama chai ipo. Ilikuwapo. Barke binti Mmadi akammiminia, kwa kuwa birika lilikuwa mkononi mwake tangu kabla ya talaka na hakujua pa kulitua. Jaffar akanywa, akashukuru, akavaa kofia, akashika njia ya feri kwenda Kisauni, ambako kulikuwa na mwanamke aitwaye Nyamvula aliyekubali kuolewa naye kwa sharti moja tu: hataki mke mwenza.

Mwaka ulikuwa wa sitini na mbili, na mtoto wao, Tumu, alikuwa hajajua kukaa.

Watu wa Likoni waliisifu talaka ile. Wapo waume ambao huzitupa zote tatu kwa mkupuo, tena kizingitini, tena majirani wakisikia. Jaffar alitoa moja, ile inayoacha nafasi ya kurejeana. Nia ya kurejea hakuwa nayo, lakini hata chakula hakuwa mtu wa kukikomba mpaka sahani ikang'aa. Adabu hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Barke hakulia. Aliosha kikombe, akakiosha tena, akahamisha kitanda kutoka ukuta huu mpaka ule, akakirudisha. Kisha akaliburuta sanduku lake mpaka karibu na mlango, akatia ndani nguo zake na za Tumu. Hakutaka kuondoka. Aliogopa kuondolewa, na mtu anayeogopa kuondolewa hupenda kuona vitu vyake viko pamoja.

Alikuwa mtu wa Ngazija. Mwaka wa hamsini na nane Jaffar, fundi wa injini za mashua za mizigo, alipelekwa Moroni kuitengeneza injini moja iliyofia bandarini huko. Alikaa, akazoea, akaoa. Alirudi na mke. Injini ilibaki vile vile. Walipofika Mombasa, Mzungu wa pasi alimtazama Barke, akaitazama karatasi, akatangaza kwamba mwanamke huyu ni raia wa Mfaransa, habari iliyomshtua kidogo hata Barke mwenyewe, kwani Mfaransa aliyemjua ni mmoja tu, aliyekuwa akija kupima maua ya mlangilangi na hakuwahi kumsalimu. Akaandikiwa pasi ya kukaa kama mke wa Jaffar, naye Jaffar akatia sahihi kuwa ndiye mdhamini wake. Mkalimani akamgeukia Barke, akamweleza: "Wewe uko hapa kwa sababu ya huyu. Siku huyu akikosekana, na wewe huna sababu."

Barke alidhani ni nasaha za ndoa. Shangazi zake walimwambia yayo hayo siku ya kumtoa, tena kwa urefu zaidi. Akainamisha kichwa, akajibu inshallah.

Maana yake halisi aliipata baadaye, kwa Kanze. Kanze alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Mgiriama, mtu wa kanisa, muuza mihogo ya kuchoma karibu na feri, na habari zilikuwa zikimfikia kabla hazijatokea. Ndiye aliyeleta kisa cha mke wa muuza kahawa wa Changamwe, mwanamke aliyetoka upande wa Hadhramauti, aliyeachwa na mumewe, na kabla hajamaliza kuwaaga jamaa akaja mtu wa serikali na karatasi. Alipandishwa meli. Mwanawe wa kiume akabaki na baba, kwa kuwa mtoto alikuwa wa hapa na mama hakuwa wa hapa. Siku hiyo Barke alisema masikini, akaendelea kuchambua mchele. Sasa kisa kile kilimrudia kila alipomtazama Tumu. Jaffar alikwisha kusema zamani, katika ugomvi mdogo wa jambo jingine kabisa, kwamba mtoto kazaliwa Likoni na atakulia Likoni. Hakusema kwa hasira. Jaffar hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kubadilika.

Basi hofu ya Barke ilikuwa hiyo, wala haikuwa na mafumbo: ndoa ikiisha, pasi imeisha, pasi ikiisha, atarudishwa Moroni, na Tumu atabaki.

Mwanamume mwingine angenyamaza na mambo yangepita yenyewe. Jaffar alikuwa raia mwema. Alikwenda kisiwani, Mombasa mjini, kwa miguu yake, akasimama mbele ya Mzungu wa pasi, akaarifu kwamba amemwacha mkewe na angependa kufutiwa udhamini. Mzungu alimpongeza kwa uaminifu wake, akatoa faili, akauliza ndoa ilikwisha tarehe gani. Jaffar akasema bado haijesha, kuna eda. Mzungu akauliza eda inakwisha tarehe gani. Jaffar akasema atakwenda kuuliza.

Ndipo Maalim Badi alipoitwa. Alikuwa amesomesha nusu ya wanaume wa Likoni, na aliwasikiliza wote kama vile bado hawajahitimu. Alikaa barazani na Jaffar, na Barke akakaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, mtoto kifuani, kwa kuwa jambo lenyewe lilimhusu na sharia ilitaka alisikie.

"Eda ni miezi mitatu, Maalim," Jaffar alianza.

"Nani alokwambia?"

"Watu wote."

"Watu wote hawakusoma kwangu." Maalim Badi akasafisha koo. Akaeleza kwamba mwanamke huhesabu kwa siku zake za mwezi. Zikija mara ya tatu tangu talaka, hapo mlango umefungwa. Lakini huyu ananyonyesha, na siku zake hazijarudi tangu uzazi. Basi atangoja zirudi.

"Zisiporudi?"

"Atangoja."

"Mpaka lini, Maalim?"

"Mpaka zije."

Jaffar akafanya hesabu isiyokuwa na tarakimu. Kisha akauliza, kwa haya, watajuaje kwamba zimekuja.

"Utaambiwa na mwenyewe. Katika jambo hili neno ni lake."

"Na akiongopa?"

"Akiongopa, ni yeye na Mola wake. Mimi na wewe hatumo humo." Maalim Badi aliinua sauti kidogo ili ifike nyuma ya pazia. "Na mpaka siku hiyo, Jaffar, huyu ni mkeo. Nyumba ni juu yako, chakula ni juu yako. Asitoke bila ruhusa yako. Na ukitaka kumrejea, wamrejea kwa neno moja, apende asipende."

Nyuma ya pazia Barke alishika maneno mawili na mengine yakampita: mpaka zije, na apende asipende. Hili la kwanza lilimpa nchi. Hili la pili lilimtia baridi. Akamhamisha Tumu kutoka ziwa la kulia mpaka la kushoto, na mtoto, asiyejua kuwa amekuwa hoja ya serikali, akaendelea na kazi yake.

Jaffar alirudi kisiwani kupeleka majibu. Inasemekana Mzungu wa pasi, ambaye hakuwa na mke wala dada, alisikiliza tafsiri mpaka ilipofika kwenye maziwa, akageuka mwekundu, akafunga faili, akasema aarifiwe mambo yatakapokuwa tayari. Katika nafasi ya tarehe aliandika kitu kwa penseli.

Hivyo ndivyo ukaazi wa mtu mzima mwenye akili zake ulivyokuja kutegemea hamu ya kula ya mtoto mchanga.

Barke alinyonyesha. Alinyonyesha kama mtu anayepiga makasia kwenye maji yanayorudi nyuma. Kudanganya hakukumjia akilini kama njia. Mungu alimwogopa kuliko Mzungu wa pasi, na Maalim Badi alijua hivyo alipoinua sauti. Kwa hiyo ilibidi iwe kweli. Alikunywa uji wa pilipili manga, akala kunde, akala majani ya kila namna aliyoletewa na Kanze, na zaidi ya yote akanywa mchuzi wa papa, ambao hakuna mzazi wa pwani asiyenyweshwa ili maziwa yafunguke. Na papa huyo, kwa kuwa chakula cha mke wa eda ni juu ya mume, aliletwa na Jaffar. Kila Ijumaa baada ya sala alipita Mtongwe kwa wavuvi, akafunga papa mkavu nyuma ya baiskeli, akaja Likoni, akabisha. Hakuingia. Si halali mume wa talaka kukaa faragha na mke wa eda kama hajamrejea, na Jaffar alikuwa akishika yote. Aliuweka mzigo kizingitini, akauliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza mvua:

"Hali?"

"Hali ile ile," Barke hujibu toka ndani.

Jaffar husema alhamdulillahi, kwa kuwa hakujua neno lingine la kusema hapo, akapanda baiskeli, akaenda Kisauni, ambako Nyamvula naye humuuliza: "Hali?" Nyamvula aliingia ndoa hii akiamini anapewa nyumba iliyokwisha kufagiliwa. Sasa akaambiwa kwamba kisharia anaye mke mwenza, upande wa pili wa maji, na huyo mwenza analishwa papa na mumewe ili asiishe.

Kutotoka ndiko kulikomsumbua Barke kuliko yote. Ua ulikuwa mdogo. Aliufagia asubuhi, akaufagia tena adhuhuri wakati hakuna jani lililoanguka, akatembea toka kisimani mpaka mlangoni mpaka ardhi ikashika njia nyeupe ya nyayo zake. Alilifungua sanduku, akatoa nguo za Tumu zilizokwisha kumbana, akatia zilizoletwa mpya, akalifunga. Baiskeli yoyote iliyopunguza mwendo nje ilimsimamisha. Alijua sauti ya viatu vya kila mtu wa mtaani. Kiatu asichokijua kilimfanya ambebe Tumu. Riziki yake ilikuwa kuunda udi wa maharusi, kazi ya kupika sukari mpaka ianze kuvuta na kuitilia udi na marashi kwa wakati wake, na kazi hiyo haitaki mtu wa kushtuka. Mwaka ule maharusi wengi wa Likoni walifukizwa udi wenye harufu kidogo ya kuungua, wakadhani ndiyo desturi ya Ngazija.

Zamani Jaffar akimwita alikuwa akiitika abee. Tangu talaka, akibisha, Barke huuliza nani, ingawa sauti aijua.

Mwaka wa sitini na tatu uliingia na Tumu akaota magego. Alikimbia, akapanda vitu, akala wali, samaki, maembe mabichi na mihogo ya Kanze, na kila jioni mama yake alimkamata na kumtia kifuani, naye akanyonya kidogo, kwa heshima, kama mgeni aliyekwisha kula kwao.

Kanze aliangalia hayo mpaka akashindwa kunyamaza. "Mama Tumu," akasema, "huyu mtoto mwezi ujao ataanza kuvuta tumbaku, na wewe wampa ziwa."

"Sharia yaruhusu miaka miwili."

"Na ikitimia?"

"Haijatimia."

"Kwetu mwanamke akiachwa arudi kwao, mahari yarudishwe, watu wagombane, yaishe. Nyinyi mwaachana kama watu wanaolipana kwa awamu."

Barke alicheka, kisha akatazama mlango.

Nje, barazani, wanaume walikuwa na shughuli yao. Ulikuwa mwaka wa Mwambao: ukanda wa pwani ni wa Sultani wa Unguja, au ni wa Nairobi, au ujitenge uwe wenyewe? Walibishana tangu alasiri mpaka magharibi. Watu ambao babu zao walizikwa pale pale walikuwa wakiulizana, kwa sauti ya chini, kama bendera ikibadilika wao watakuwa nani. Barke aliwasikiliza kupitia dirishani na kwa mara ya kwanza tangu ateremke melini alijiona ana wenzake. Likoni nzima ilikuwa imekaa eda, ikingoja kuambiwa ni ya nani, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba neno ni lake.

Kisha Tumu akaacha. Hakuugua wala hakuona uchungu wa meno, alichoka tu. Jioni moja Barke alimpakata, akamfunika kanga, akamwimbia. Mtoto alimtazama, akamtazama tena, akateremka, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha papa, akakitia mdomoni mwa mama yake. Halafu akampapasa shavu na kwenda kucheza. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Barke alijaribu kumwamsha alfajiri, akajaribu kumnyima mihogo. Kanze akakataa kushirikiana katika hilo la mihogo.

Siku zake zikarudi mvua za vuli zilipokaribia. Aliosha nguo mwenyewe, akazianika ndani, akakaa juu ya sanduku. Hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua ila yeye. Mtu mwingine angeona hapo ndipo pa kupumzika. Barke alitembea uani mpaka Kanze akamwambia kupitia ukutani kwamba anamkosesha usingizi wa mchana.

Ijumaa Jaffar akabisha. "Hali?"

"Zimekuja," Barke akasema.

Jaffar hakusema alhamdulillahi. Aliweka papa chini, akamwinua, akamweka tena. Kisha akaondoka, akatembea mpaka penye duka, akakumbuka amesahau baiskeli, akarudi kuichukua bila kubisha.

Barke alingoja mtu wa serikali. Hakuja. Sababu aliileta Kanze: Jaffar hakwenda kisiwani kuarifu. Nyamvula, mja mzito, alikuwa amerudi kwa mamake huko Mwakirunge kujifungua mwana wa kwanza, kama ilivyo ada, na alikuwa ameacha salamu kwamba atarudi Kisauni siku atakapoambiwa kuwa Jaffar ana mke mmoja tu. Mtoto alizaliwa salama huko, na Nyamvula hakurudi. Jaffar sasa alikuwa na wake wawili na alipika mwenyewe.

Ijumaa zikaanza kuwa mbili kwa wiki. Alileta papa, akaleta na nazi, akaleta gauni la Tumu. Mara ya pili siku zilipokuja na Barke kumwambia, hakuondoka haraka. Alisimama nje ya mlango, akakohoa.

"Barke, ni neno moja tu kulisema."

Barke, ndani, alisimama katikati ya chumba. Alijua neno gani. Akilisema, apende asipende, yeye ni mke, pasi iko, Tumu yupo, na mambo yatarudi kama yalivyokuwa: atamimina chai na kungoja kuambiwa. Lakini Jaffar aliona si adabu kumrejea mke kupitia mlangoni akiwa na samaki mkononi. Akaaga.

Uhuru ukaja mwezi wa Desemba, na fataki zikasikika toka ng'ambo. Jumapili iliyofuata Kanze alirudi kanisani na tangazo: wanawake wa nje walioolewa na wazaliwa wa hapa waende wakaombe uraia, mume awepo. Barke alimfanya alirudie. Walioolewa na wazaliwa wa hapa. Kanze akaapa kwamba ndivyo padre alivyosoma, na kwamba aliyeachwa hakutajwa.

Jaffar alilisikia tangazo lilo hilo msikitini, na likampata kama mtu aliyepewa jukwaa. Alikuja siku hiyo hiyo, wala haikuwa Ijumaa, akasema toka nje kwamba Jumatano watakwenda pamoja kisiwani. Hapo, mbele ya afisa na mbele ya watu, atamrejea rasmi, na ataandikwa akiwa mke kamili, jambo liwe safi. Alikuwa amefurahi. Alimpa ruhusa ya kutoka. Alimwambia avae buibui jipya. Katika furaha hiyo alisahau kuuliza hali.

Jumatano alfajiri Barke aliamka kwa ajili ya sala, na akakuta hana sala. Siku zake zimekuja mara ya tatu.

Alikaa kitandani, kanga mabegani. Mlango umefungwa, Maalim Badi alikwisha kusema. Jaffar hawezi tena kumrejea kwa neno. Yeye si mke wa mtu. Basi hata huko wanakokwenda hana haki ya kwenda. Angeweza kunyamaza. Akinyamaza, Jaffar atalisema neno lake mbele ya watu, wote wataliamini, naye ataishi na mwanamume asiye mumewe na karatasi inayosema ni mumewe. Akisema, meli. Alivaa buibui jipya, akamwosha Tumu uso. Mlangoni alilisukuma sanduku kwa mguu kidogo, lilikuwa linaziba njia. Halafu akatoka.

Hakuwa amepanda feri tangu talaka. Jaffar alisimama mbele kidogo, kofia imepigwa pasi, midomo ikichezacheza, na Barke alijua anakariri. Yeye hakuweza kusimama mahali pamoja; alizunguka na mtoto baina ya mikokoteni mpaka mtu wa feri akamwomba atulie.

Ofisini Mzungu wa pasi hakuwapo. Mezani palikuwa na msichana wa bara aitwaye Wairimu, aliyeajiriwa juzi juzi, mwenye mihuri mingi na uso wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali moja tangu asubuhi. Foleni ilijaa mpaka ngazini.

"Huyu ni bibi yako?" Wairimu akamuuliza Jaffar.

Jaffar akavua kofia. "Dada yangu," akaanza, "mbele yako, na mbele ya waungwana hawa—"

"Si mkewe," Barke akasema. "Nilikuwa. Eda yangu imekwisha leo asubuhi."

Mdomo wa Jaffar ulibaki wazi na neno lake moja ndani, ambalo sasa halikuwa na kazi. Barke aliushika ukingo wa meza. Alikuwa amekwisha kulisema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuhisi haja ya kwenda popote. Alingoja tu aambiwe meli ni lini.

Wairimu alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Eda ni kitu gani?"

Mzee mmoja nyuma akaanza kumweleza. Mwingine akamrekebisha. Wa tatu akasema huyo wa kwanza amechanganya mke wa talaka na mjane, na kwa dakika kadhaa foleni ya serikali mpya ikawa darasa, kila mtu akiwa na maalim wake. Wairimu akapiga muhuri mtupu juu ya meza mpaka wakanyamaza.

"Mimi nauliza kitu moja. Mliwahi kuoana?"

"Tulioana," Barke akasema.

"Na huyu bwana amezaliwa hapa?"

"Likoni," Jaffar akasema, kwa sauti isiyokuwa yake. "Na babangu pia."

"Basi. Mama aliyeolewa na mzaliwa wa hapa anaweza kuomba, kama bado wako pamoja ama waliachana. Hiyo mengine ni yenu." Akavuta karatasi. "Cheti cha ndoa mko nacho? Jina la baba?"

"Mmadi."

"Hiyo ni jina?"

"Ni jina," Barke akasema.

Wairimu akaliandika. Akasema ombi litapelekwa mbele, arudi baada ya sikukuu. Mpaka hapo asisumbuliwe na mtu, na akampa kijikaratasi cha kusema hivyo. Barke alikipokea kwa mikono miwili. Alifikiri juu ya papa wote aliowala. Bila wao asingefika siku hii, na siku hii ilipofika haikuwauliza. Hakujua kama kuna mtu wa kumcheka au wa kumshukuru, kwa hiyo akampangusa Tumu kamasi.

Kwenye feri ya kurudi Jaffar alimkuta kwenye ukingo. Alikuwa ameizungusha kofia mikononi mpaka imeharibika umbo.

"Mbona hukuniambia?"

"Wiki hii hukuuliza hali."

Jaffar alilipima jambo hilo. Alikuwa mtu wa haki, na aliona kwamba ni kweli. Akauliza, sasa, kwa kuwa eda imekwisha, atalala wapi, maana nyumba si juu yake tena. Hakusema kwa ubaya. Barke alimjibu kwamba Kanze ana chumba cha uani, na amekwisha kuwaambia mbuzi watoke.

"Nikuletee sanduku?"

"Liko mlangoni. Limefungwa tangu siku ile ya chai."

Mlango wa feri ukashuka, watu wakamiminika. Jaffar akashika njia ya nyumbani, akageuka kumpisha atangulie, kama alivyozoea. Barke hakutangulia. Alisimama, akatazama barabara ya nyumbani, akaitazama ile ya Mtongwe. Mtongwe hakuwa na shughuli yoyote; papa hakutaka kumwona tena maishani. Akamshika Tumu mkono na, bila kuomba ruhusa ya mtu, akafuata barabara ya Mtongwe kwa mwendo wa haraka wa mtu aliyechelewa, na mtoto nyuma yake akianza kulalamika abebwe.